Sweta ya Gopal

Tangu wahame Morogoro kuja Tunduma kufungua duka la spea za malori, Bhavna hakuwa na raha. Vumbi lilimchosha, honi za foleni ya mpakani zilimkera, na binti yao Nisha alipokwenda kusoma Dodoma, nyumba ikawa kama imefiwa. Harish, mumewe, alijaribu kila alichojua. Alinunua televisheni kubwa. Alimpeleka Mbeya kutembea. Bhavna alishukuru kwa sauti ndogo, kisha akarudi kukaa dirishani.

Ndipo shangazi yake akafariki, akamwachia sanamu ya shaba ya Krishna, mungu wa Kihindu, akiwa mtoto, ndefu kama kiganja. Walimwita Gopal. Bhavna alimweka kwenye rafu ya chumba cha Nisha, akaanza kumtumikia. Kila alfajiri alimwogesha kwa maji ya uvuguvugu, akamvika nguo, akampangia maua. Chakula hakikuonjwa kabla Gopal hajaandaliwa chake. Asubuhi na jioni alimwimbia. Haikupita miezi miwili, mwanamke akabadilika.

"Baba Nisha," Ketrina, mwanamke wa kijiji cha Nanyala aliyewaletea maua na maziwa, alimwambia Harish dukani, "siku hizi mama uso unang'aa. Umemfanyia nini?"

Harish alicheka kicheko kikavu. Hakuwa amemfanyia lolote, na hilo ndilo lililomchoma.

Akaanza kuona mambo. Chai yake ilichelewa. Ya Gopal haikuchelewa hata siku moja. Yeye akisimulia habari za dukani, Bhavna alikuwa akitega sikio kule chumbani. Juni ilipoingia na baridi yake, alimkuta anafuma sweta ya manjano, ndogo kama soksi.

"Ya nani hiyo?"

"Ya Gopal. Baridi imezidi."

"Shaba haisikii baridi, Mama Nisha."

"Najua," Bhavna alijibu akitabasamu. "Ninayeisikia ni mimi."

Miaka ishirini na mbili ya ndoa, hujanifumia hata kofia. Maneno hayo yalimfika Harish kooni, akayameza. Mtu mzima wa miaka hamsini kugombea sufu na sanamu! Lakini kuyameza hakukuyaondoa.

Kesho yake, Bhavna alipokwenda sokoni, Harish alimchukua Gopal, akamfunga kwenye leso, akaenda kumfungia ndani ya droo ya duka. Alitaka mkewe alie. Alitaka aje alilie begani kwake.

Mchana alirudi nyumbani kula. Bhavna alikuwa ameketi mbele ya rafu tupu, macho mekundu, na hakumkimbilia. Pale kwenye rafu palikuwa na sahani ya wali na dengu, inafuka moshi.

"Hayupo, na bado unampakulia?"

"Popote alipo, hii ni saa yake ya kula."

Harish hakuweza kumeza hata tonge moja. Akarudi dukani, akafungua droo. Gopal alikuwa amelala juu ya nati na boliti, anatabasamu vilevile, shavu limepakaa grisi. Harish akamfuta kwa leso, haikutoka. Akamimina maji ya moto ya chupa ya chai, akayapooza, akamsugua taratibu kwa kidole. Kisha akamsimamisha mezani. Alipoinua kikombe chake cha chai anywe, mkono ukasita. Akakiweka mbele ya Gopal, na andazi kando, akangoja.

Dereva mmoja wa Zambia alikuwa akigonga kaunta akiulizia mkanda wa feni. Harish alimwomba asubiri kidogo. Kifuani mwake palikuwa pametulia. Kwa muda ule hakuwa amewaza ni nani anapendwa zaidi ya nani.

Jioni alimrudisha kwenye rafu mbele ya mkewe.

"Nilimchukua mimi. Nilimwonea wivu."

Bhavna alimtazama mumewe kwa hasira. Kisha akauliza, "Amekula?"

"Chai. Na andazi."

Siku tatu hakumsemesha. Ya nne, alfajiri, alimwekea mkononi kipande cha msandali, mti wa manukato ambao humpaka Gopal, na jiwe la kusagia, akamwonyesha namna ya kukisaga kwa maji hadi kilainike. Tangu hapo kazi hiyo ni ya Harish. Asubuhi nyingine Bhavna akiimba kwa sauti ile ambayo hajawahi kumwimbia yeye, wivu bado humgusa. Huinamia jiwe akaendelea kusaga, na mara nyingi, kabla msandali haujalainika, hujikuta anauitikia wimbo wenyewe.