Maziwa ya Mchana

Hawakuhama kwa kupenda safari. Mfumaji na mumewe walikuwa wamezika watoto wawili katika nchi yao, na mume akasema hatachimba kaburi la tatu katika udongo uleule. Wakauza mbuzi, wakauza hata mlango wa nyumba, wakapanda meli ya wahamiaji pamoja na mama wa mume na dada wa mume. Wakashuka katika mji wa viwanda ambao moshi wake ulionekana kabla ya nchi kavu.

Siku hizo mitambo iliendeshwa kwa mvuke. Mume alipata kazi ya kupakua makaa ya mawe bandarini. Mfumaji na wifi yake waliajiriwa katika kiwanda cha nguo. Walipanga vyumba viwili ghorofa ya juu kabisa, chini ya paa la bati, na humo Mungu akawakumbuka wote wawili. Mfumaji alijifungua mvulana. Wifi, aliyepanda meli akiwa na mimba na ambaye mumewe alikuwa bado anatafuta nauli ya kuwafuata, alijifungua msichana.

Mama mkwe ndiye aliyewalea. Jengo zima lilimwita Bibi. Naye Bibi alimwita mvulana "mume wangu", na msichana "mke mwenza".

"Mume wangu leo kanikojolea kifuani," aliwaambia jioni walipotoka kazini. "Na huyu mke mwenza anacheka! Wamepanga hawa, nawaambia. Wananitafutia talaka."

Mchana king'ora cha kiwanda kilipolia, Bibi alishuka ngazi, mtoto mmoja mgongoni na mwingine kifuani, akaenda nao hadi langoni. Mama zao walitoka, pamba zimewashika nywele, wakakaa chini ukutani kunyonyesha. Wafanyakazi wenyeji waliwacheka.

"Ng'ombe wa kigeni wametoka kukamuliwa!" alipiga kelele fundi mmoja wa mitambo.

Wifi hakuwa mtu wa kumeza neno. "Afadhali ng'ombe mwenye ndama," alimjibu, "kuliko jogoo anayejisifia yai asilotaga."

Watoto walinenepa. Dobi aliyekaa ghorofa ya chini, mwenyeji wa mji ule, alikuwa akiwabinya mapaja na kutikisa kichwa. "Wenu wananona," alisema. "Wetu hawavuki kiangazi." Hakuwa akitania. Ng'ambo ya barabara, seremala alianza kutengeneza majeneza madogo kabla joto halijafika, bila kuagizwa na mtu, akayapanga mbele ya duka kama mtu anayepanga vigoda.

Kisha akaja nyapara mpya. Alisema lango halitafunguliwa tena mchana, na atakayetoka asirudi. "Dukani kuna chupa za kunyonyeshea," alisema. "Wanawake wa hapa wote wanazitumia. Ninyi mmezaliwa na malaika?"

Wakanunua chupa mbili. Zilikuwa za kioo, bapa, na kila moja ilikuwa na mrija mrefu wa mpira wenye chuchu mwishoni, ili mtoto anyonye mwenyewe akiwa amelala. Usiku watoto walinyonya kwa mama zao. Mchana walinyonya mpira.

Mwanzoni Bibi aliiona chupa kama kitu cha mzaha. Halafu akaichukua kama kazi. Kwao, chombo cha maziwa kilikuwa cha mti, nacho hakikuguswa na maji hata siku moja. Kilipanguswa kwa kitambaa kikavu, kikafukizwa moshi wa kuni safi, na maziwa yalikaa humo bila kuharibika. Mwanamke aliyetia maji katika chombo cha maziwa alisemwa kisimani mpaka akakoma. Basi Bibi alizipangusa chupa, akazishika moja moja juu ya moshi wa jiko. Mrija haukuweza kufukizwa kwa sababu ungeyeyuka, kwa hiyo aliuning'iniza ukauke, akauchunga usipate hata tone la maji.

Vioo viligeuka rangi ya kahawia. Jioni moja Mfumaji aliinua chupa ya mwanawe puani, akasikia harufu ya nyumbani, machozi yakamlenga.

"Mama," alisema, "umeifanya chupa yao kuwa yetu."

"Mkono haukusahau," Bibi alijibu, akiona fahari kidogo.

Joto likaja. Bati la paa lilitoa mlio lilipotanuka mchana. Mvulana akaanza kuhara. Bibi alidhani ana kiu, akamzidishia maziwa. Macho ya mtoto yakazama, sauti yake ikawa nyembamba kama ya paka mchanga. Mfumaji aliomba mpaka maneno yakamwishia, akabaki anataja jina la Mungu tu. Mtoto alifariki alfajiri, baba yake akiwa anafunga kamba za viatu kwenda kazini.

Seremala hakupima. Alimtazama mtoto mikononi mwa baba yake, akatoa jeneza moja kutoka kwenye rundo.

Siku ya pili baada ya mazishi alikuja muuguzi wa mtaa, mwanamke mwenye viatu vilivyopinda visigino, ambaye kazi yake ilikuwa kuingia kila nyumba iliyofiwa na mtoto. Dobi ndiye aliyempasha habari. Wifi alikuwa kiwandani, kwa maana angekosa siku nyingine angepoteza mitambo yake. Binti yake alilala chumba cha pili, mlango umerudishwa.

Muuguzi akaomba kuiona chupa ya marehemu. Bibi aliileta kwa mikono miwili. Yule mwanamke akainusa, akauvuta mrija, akaupasua kwa mkasi mdogo kutoka mwanzo hadi mwisho. Ndani kulikuwa na utelezi wa kijivu, mzito, kama ule wa mfereji wa jikoni.

"Huu mnauosha kwa kitu gani?" aliuliza.

Kati ya waliokuwa chumbani ni Mfumaji peke yake aliyeielewa lugha ya wenyeji. "Hatuuoshi," alisema.

Muuguzi hakumkaripia. Alikuwa amechoka tu. "Basi maziwa ya leo yalikuwa yanapita katika uozo wa wiki iliyopita. Ndicho kilichomuua. Nimeona wengi. Mrija huu hausafishiki hata kwa maji ya moto, na wasioosha kabisa hawana bahati. Ukijaliwa mwingine, mpe titi."

Akaondoka, kwa kuwa alikuwa na nyumba nyingine mtaani humo.

"Kasemaje?" Bibi aliuliza.

Mfumaji alimwona jinsi alivyosimama, kilemba kimelegea, mikono bado imekaa kama iliyobeba kitu.

"Kasema pole, Mama. Kasema ni joto."

"Joto," Bibi alirudia. "Nami nilisema hivyohivyo."

Mfumaji alikaa kitandani. Alijiambia kwamba uongo ule ulikuwa sadaka. Mtoto hatarudi. Ya nini kumwongezea mzee mzigo wa kwenda nao kaburini? Alikuwa ameanza kuomba Mungu amsamehe, ndipo akasikia kilio chumba cha pili. Kilikuwa chembamba.

Bibi alifuta macho, akaichukua chupa ya pili kutoka rafuni, akaipangusa, akaiinamisha juu ya moshi wa jiko. "Mke mwenza tumbo linamwenda tangu jana usiku," alisema. "Ana kiu, maskini. Nimwongezee."

"Mama. Usimpe."

"Asinywe?"

"Mama, nimekudanganya. Muuguzi hakusema joto. Kasema ni mrija. Kwa kutooshwa, maziwa yalioza ndani yake, mtoto akawa ananyonya sumu."

Bibi aliiweka chupa chini polepole. Mtoto aliendelea kulia.

"Ni mimi, basi."

"Ni sisi. Mimi niliinusa nikakusifu."

"Sikuuliza habari za kusifu. Nani alikuwa anamnyonyesha mchana?"

Mfumaji angetoa chochote apate jibu jingine. "Ni wewe, Mama."

Bibi akakaa sakafuni. Hakulia. Aliitazama mikono yake, upande huu na upande ule.

Mfumaji alimfuata mtoto. Kilio kile kilikuwa kimeshafanya kazi yake, kifua cha nguo yake kililowa pande zote mbili. Maziwa hayakuwa na habari za msiba. Alimbeba msichana, akampa. Mtoto alinyonya kidogo, akapumzika, akanyonya tena, midomo yake mikavu kama karatasi. Mungu, aliomba Mfumaji, huyu usimchukue. Huyu mwache. Hakujua kama ameomba mapema au amechelewa.

Walikaa hivyo mpaka jioni. Kisha viatu vya wifi vikasikika ngazini, na sauti yake ikimtania dobi.

Mfumaji akaanza kuinuka. "Nitamweleza mimi, Mama. Wewe pumzika."

"Kaa," Bibi alisema. "Huyo nimemzaa mimi."

Akaushika ukuta, akasimama, akaenda kumfungulia binti yake mlango.

"Keti, mwanangu," alimwambia. "Mwanao yu hai. Sasa nisikilize."