Mablanketi Kwenye Chumba cha Betri

Mara ya nne nilipokuta mablanketi kwenye chumba cha betri, nilisimama kizingitini nikahesabu hadi kumi ili nisitukane. Katika hospitali yetu ndogo, umeme ukikatika, betri kumi na sita za chumba kile ndizo zinazoshika friji la damu na taa za upasuaji. Mimi ndiye fundi wake. Mtunza stoo ni shemeji yangu, mume wa dada yangu, na stoo yake imejaa pomoni.

Safari hii alikuwa ameziba hata dirisha kwa ubao.

"Shemeji, betri zikichajiwa zinatoa gesi. Isipopata pa kutokea, cheche moja tu inatumaliza."

"Na vumbi je? Wagonjwa wajifunike vumbi?"

"Yaweke kwingine."

"Kwingine wapi? Kichwani kwangu?"

Nikaenda kwa katibu wa hospitali. Akasema niandike barua. Nikamwambia nimeshaandika tatu. Akajibu, bila kuinua macho, kwamba zile hazikuwa na tarehe. Zilikuwa nazo! Nilitoka pale nimevimba kama chura.

Alhamisi, saa nne asubuhi, harufu ya mayai viza ilinipiga koridoni. Nikajua chaja imepitiliza na kuna betri inachemka. Nikafungua mlango nikauacha wazi, sikugusa swichi ya taa. Shemeji huyo, anakuja mbio.

"Usiingie! Usiguse kitu! Nakwenda kukata umeme wa chaja kwenye swichi kubwa."

"Mablanketi yangu je?"

"Yaache!"

Hatua kumi na tano tu. Naishusha swichi, nasikia pa! Alikuwa ameingia kuvuta robota lake la mablanketi, na juu ya robota alikuwa amelaza vyuma vya kitanda ambavyo hakuwahi kunitajia. Chuma kimoja kiliangukia vichwa viwili vya betri, cheche ikaruka, betri ikapasuka. Nilimkuta amejishika uso, asidi imemwingia machoni.

Nilimkokota kwa ukosi wa shati hadi bombani.

"Fungua macho!"

"Yanawaka!"

"Fungua, nakwambia!"

Dakika ishirini nimezishikilia kope zake chini ya maji. Alinitukana mimi, akaitukana betri, akamtukana aliyevumbua umeme. Nami nilimtukana pia, kimoyomoyo, maana shemeji ni shemeji. Kisha muuguzi akamchukua.

Macho yamepona, ingawa la kushoto lilikaa jekundu wiki mbili. Shati lake lilitoboka kama chekeche.

Jioni ya Alhamisi ile dada alinipigia simu. Nikadhani ni shukrani.

"Umemwogesha mume wangu mbele za watu kama mtoto mchanga!"

"Ningemwacha apofuke?"

"Ungemwogesha taratibu!"

Nikakata simu.

Asubuhi yake chumba hakikuwa na blanketi hata moja, na dirisha lilikuwa wazi. Hakuna aliyeniambia pole wala ahsante. Mlangoni palibandikwa tangazo, maneno yangu yote ya barua ya kwanza, nukta kwa nukta, na chini yake sahihi ya katibu. Tarehe ilikuwa ya asubuhi hiyohiyo.

Nilivua pete, nikavaa glavu na miwani ya kinga, nikamwaga magadi sakafuni ili kuua asidi iliyobaki. Yalitoa povu. Nilisugua mpaka adhuhuri, na hasira haikuisha.