Daraja la Ukumbini

Jumanne asubuhi Persis alivua viatu mlangoni pa kituo cha vijana wabunifu, pale mlimani Nyanchwa, mjini Kisii, akakunja suruali na kuvuka mto kwenda kwenye meza yake. Maji yalimfika magotini. Yaliingia chini ya ukuta wa upande wa Nyamira, yakakata ukumbi katikati, yakatokomea chini ya ukuta wa jikoni. Nje hakukuwa na hata tone. Ochoki, meneja wa kituo, alikuwa ameshapandisha nyaya zote darini na kuagiza gambuti za wageni.

Mto ulikuwa Nyakeore, unaopita kwa Gesare, dada yake Persis aliyeolewa Nyamira, kaunti jirani. Kilichotumbukia kule kilipita hapa: jani la mgomba, kandambili, siku moja kofia ya mtoto wa shule. Mvua za masika zilikuwa zimebeba daraja la miti la kijiji, na zahanati iko ng'ambo. Gesare alikuwa na mimba ya karibu miezi tisa.

Mfumo wa kuripoti mambo kama hayo aliuunda Persis mwenyewe, nao ndio uliompatia meza hapa kituoni, pamoja na fulana, mafunzo na mshauri wa kila Ijumaa. Mwananchi anapiga picha kitu kilichoharibika, anaituma kwa simu, ofisi inayohusika inaipata. Wafadhili waliupenda. Waliomba jambo moja tu, kila ripoti iwe na jina la mwenye boma, wajue familia ngapi zimefikiwa. Na Persis, msichana wa Kigusii, aliyelelewa Suneka na mama ambaye hajawahi kulitamka jina la baba mkwe wake, akakubali bila kufikiri. Hilo lilimkera kuliko maji.

"Hiyo kitu imenirudishia tena," Gesare alikuwa amemwambia kwa simu. "Inasema ripoti haijakamilika."

"Umejaza jina la mwenye boma?"

"Persis. Mwenye boma ni tata."

Yaani Mzee Mogire, baba mkwe wake. Kwa mila, Gesare hawezi kulitaja jina hilo, sembuse kuliandika, na mumewe yuko mbali kazini. Wake wengine wa kijiji walikwama kwenye swali hilohilo. Ripoti zao zote zilirudishwa, na kesho yake mto ukaja wenyewe.

Persis alilijaza jina kwa mkono wake. Mfumo ukajibu: Inashughulikiwa. Tangu hapo hakutulia. Aliacha chai ikapoa, akaenda ofisi hii, akaelekezwa ile, akarudi ya kwanza. Mwishowe afisa wa barabara alikuja, akasimama ukingoni karibu na meza ya chai, akaupiga mto picha.

"Daraja lilikuwa Nyamira," alisema, "lakini mto, kama tunavyoona, uko Kisii. Hatuwezi kujenga daraja mahali mto hauko."

"Uko huku na kule pia uko."

"Basi hiyo inataka kamati." Akamaliza chai yake, akaenda zake.

Wiki hiyohiyo ikatangazwa kwamba wafadhili wanakuja kumtuza Persis. Jukwaa lilikuwa ng'ambo ya mto, na haikufaa wageni walowe. Mafundi waliitwa Alhamisi, na kufikia Ijumaa mchana, kabla Sabato haijaingia, daraja lilikuwa limesimama ukumbini, lenye nguzo za mkaratusi, mbao zilizopigwa randa na vishikio pande zote mbili. Persis alifika katikati yake, akarukaruka. Halikutikisika. Alitamani kulia.

"Sherehe ikiisha tulipeleke Nyamira," alimwambia Ochoki.

"Ni mali ya mradi, Persis. Haliwezi kutoka."

"Dada yangu amebakisha siku chache."

"Najua. Nimemweka kwenye hotuba."

Jumatatu mgeni mkuu alikata utepe, akavuka, na wenzake wakamfuata wakipiga picha. Persis alikuwa ndio kwanza ameshika kipaza sauti pale Mzee Mogire alipotokea ukutani ndani ya maji, ameshika mpini wa jembe, na mwisho wa mpini alikuwepo Gesare. Baba mkwe hamshiki mke wa mwanawe mkono, kwa hiyo mzee alimvuta kwa mpini, macho mbele, bila kugeuka. Maji yalikuwa yamepanda, yakamfika Gesare kiunoni. Uchungu ulikuwa umeanza. Alisimama, akainama, akapumua, kisha akapita chini ya daraja, viatu vya wageni vikiwa juu ya kichwa chake.

"Na huyu?" mgeni mkuu aliuliza.

"Mtumiaji wa mfumo," Ochoki alijibu, na wageni wakapiga makofi.

Persis aliweka kipaza sauti chini, akaingia majini na sketi yake mpya, akamshika dada yake mkono.

"Panda darajani, nikusaidie."

"Daraja linaishia jukwaani, Persis," Gesare alisema bila lawama. "Mimi naenda zahanati."

Wakaenda pamoja hadi ukuta wa jikoni. Ukuta ulimpitisha mzee, ukapitisha mpini, ukampitisha Gesare. Lakini Persis, ukuta ulimgonga kifuani, na mkono wa dada yake ukamtoka. Simu ililia mfukoni, imelowa lakini nzima: Mpendwa mwananchi, ripoti yako ya Nyakeore imefungwa. Daraja limejengwa. Picha ilionyesha utepe na maua.

Zahanati hawakuifikia. Mtoto alizaliwa ng'ambo, juu ya majani ya mgomba, Mzee Mogire akiwa amewapa mgongo na kuita wanawake kwa sauti yote aliyokuwa nayo. Ni msichana, na yeye na mama yake ni wazima, ingawa Gesare alipoteza damu nyingi.

Persis aliifungua ripoti upya. Mfumo ukamuuliza jina la mwenye boma. Nyuma yake mwanamke mwingine alikuwa akivuka, mtoto mgonjwa mgongoni, akinyoosha mkono apate pa kujishikilia, na Ochoki akamwomba kwa upole asiguse daraja, kwa kuwa rangi haijakauka.