Mafuta Yasiyotoka Jikoni

Bi Mwanakheir, mshona kofia wa Malindi, ni mtu asiyetosheka na jibu la nusu. Alipoambiwa vinundu vya manjano kwenye kope zake ni kolesteroli, na damu ikapimwa ikaonekana imejaa mafuta hayo, aliacha nazi na vya kukaanga siku ile ile. Miezi mitatu akala samaki wa kuchemsha. Alipopimwa tena, kolesteroli ilikuwa imepanda.

"Unakula kwa kujificha," alisema mdogo wake Hija, aliyekuwa akimpikia.

"Nijifiche wapi, na jiko unalo wewe?"

Hakukasirika. Swali ndilo lililomkaa kichwani: mdomoni hayaingii, basi mafuta haya yanatoka wapi? Akaanza kuuchunguza mwili wake na kuandika kila alichokiona. Viganja na nyayo zinawasha, usiku zaidi. Mkojo umekoza kama chai ya rangi. Choo kimepauka.

Kliniki alimkuta daktari mgeni, Riyama, binti mdogo aliyemwamkia kwanza, kisha akaisoma yote ile karatasi aliyoandikia dalili zake.

"Bi Mwanakheir, huku kuwashwa ulimwambia nani?"

"Sijaulizwa, mwanangu."

Daktari akachora ini, na ndani yake vijifereji vingi vyembamba. "Kolesteroli nyingi ini lenyewe ndilo linaloitengeneza. Inayozidi hutoka na nyongo, inapita humu mpaka utumboni. Nyongo ikikwama, kolesteroli inarudi kwenye damu."

"Kwa hiyo tui langu halina kosa?"

"Hili halikuanzwa na tui."

Vipimo vilionesha kuwa kinga ya mwili wake mwenyewe ilikuwa ikivishambulia vile vijifereji. Akapewa vidonge vya kuisaidia nyongo ipite, akaambiwa wazi kwamba atavinywa maisha yake yote. Baada ya miezi minane kolesteroli ilishuka sana. Kuwashwa kulipungua, hakukwisha. Vinundu vilibaki pale pale.

Daktari alisema ugonjwa huu huweza kuwapata ndugu, hivyo Hija naye apimwe. Hija alikataa wiki nzima. Alikuwa anaona haya kwa yale maneno yake, na anaogopa pia. Mwishowe wakaenda pamoja. Damu yake ilikuwa salama, lakini daktari akataka amtazame na ini kwa mashine ya picha.

Hija alijilaza, akafumba macho. Bi Mwanakheir alivaa miwani yake ya kushonea, akavuta kiti karibu na kioo cha mashine.

"Nioneshe, mwanangu," alisema. "Nyongo yake inapita wapi?"