Moyo Ndani ya Kipembe cha Mkunga

Katika makumbusho ya vifaa vya tiba, miguu ya bandia na koleo za kung'olea meno hazina watu. Foleni iko kwenye kipembe cha mbao, kile ambacho wakunga wa hospitali walikibandika kwenye tumbo la mjamzito wasikie mapigo ya mtoto. Kipembe kimehifadhi kila moyo kiliousikia. Ukiweka sikio, kinakupa wa kwenu.

"Hata tumboni alikuwa na haraka, mtundu huyu!" alicheka baba mmoja, akimpisha fundi cherehani.

Fundi alikuja na mama mkwe wake. Miaka yote wimbo wa mama huyo ulikuwa mmoja: ulikanyaga cherehani na uchungu umeshaanza, mjukuu wangu akafia njiani kwenda hospitali. Daktari wa zamu naye alisema hivyo hivyo, na fundi aliamini.

Aliinama. Ndani, moyo mdogo ulikuwa ukienda mbio, imara, bila kukwama.

"Mama," alisema, "kipembe hiki kilinigusa hospitalini tu. Tulifika naye mzima."

"Nipishe huko."

Mama mkwe alisikiliza mpaka watu wa nyuma wakaanza kukohoa. Kisha akainuka taratibu.

"Siku ile daktari alikuwa anakunywa chai," alisema. "Mlango ulikuwa wazi. Nilimwona, nikaona haya kumwita."

"Mama zangu, malalamiko ni ofisini," alisema mhudumu. "Anayefuata!"

Ofisini, mkurugenzi aliwakaribisha viti na maji ya baridi. Hakubisha kuhusu moyo. Alikwishausikia wa binti yake. Ila daktari alikuwa amestaafu kwa heshima, ukumbi ulikuwa na jina lake, na mtoto alishaandikwa kuwa alifia njiani. Itabaki hivyo. Fundi alimshukuru kwa maji.

Nje, kwenye ngazi, mama mkwe alimshika mkono.

"Mwanangu, nimekuonea."

"Yameisha, mama."

Fundi akafumba macho pale pale, watu wakiwapita na watoto wao. Tangu siku ile ya uchungu, kila sala yake ilianza kwa toba. Hii ilianza kwa asante, na baada ya asante hakupata neno jingine, akalirudia.

"Amina," alisema mama mkwe. Walishuka ngazi mbili tatu. "Lakini ulimsikia alivyokuwa na nguvu?"

"Nilimsikia, mama."

"Eh. Alikuwa na nguvu."