Kigawo Kisichojulikana

Majira yote ya baridi baada ya mazishi ya Kirby, kompyuta yake iliendelea kuvuma katika chumba cha chini ya nyumba. Ilikuwa ikipima namba moja yenye mamilioni ya tarakimu: je, ni tasa, haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe? Marlys, mama yake, hakuthubutu kuizima. Kila asubuhi alishuka na kahawa yake, akaketi karibu na ule mvumo.

Jumamosi jibu likatoka. Akamwita Nolan, aliyekuwa akiwinda namba tasa na Kirby tangu shuleni.

"Si tasa, mama. Inagawanyika."

"Kwa ngapi?"

"Hatujui."

"Hamjui vipi, na umesema inagawanyika?"

"Kipimo chetu husema tu kama inagawanyika au la, kinaishia hapo. Kigawo chenyewe huenda tukafa sote hakijapatikana."

Marlys akacheka kicheko kikavu. "Kumbe daktari wa maiti naye ni mtu wa hesabu. Kaniambia mwanangu kajiua, kwa nini hajui, kafunga faili, kaenda zake kula."

Nolan akainamisha kichwa. "Nilikuwa naye siku ileile, mama. Tulicheka sana."

"Najua. Hata mimi alinibusu."

Kwenye skrini, kompyuta ilikuwa imeshajichukulia namba nyingine ya kupima, bado kwa jina la Kirby. Nolan akanyoosha mkono aizime. Marlys akaudaka.

"Iache! Polisi wamechoka kuuliza, kanisa limechoka, baba yake kachoka. Iache hii iulize."