Ng'ombe Aliyegeuzwa na Shaba

Usiku wa jana niliota, na nilikuwa nimesali kabla ya kulala, kwa hiyo sijui ndoto ilipitia wapi.

Nyange, ng'ombe wa marehemu mume wangu, alikuwa achukuliwe asubuhi na Tumsifu mchinjaji. Marehemu alikuwa mashoto, alimkamua akikaa ubavu wa kushoto. Mimi huko mkono wangu haukubali. Nikikaa kulia, ni teke.

Basi naingia zizini, kumbe ni karakana. Simba mwenye kola pana ya lesi anamchora Nyange kwa sindano juu ya bamba la shaba lililopakwa nta. Huyo simba ana uso wa mtu anayeumwa jino.

"Bwana Yesu asifiwe," nasema.

"Amina. Usinishangae, Mama. Aliyenichora mimi hakuwahi kumwona simba."

"Pembe yangu ya kushoto imevunjika," Nyange anamkumbusha. "Usinipambe."

Simba analitumbukiza bamba kwenye beseni la tindikali. "Penye nta haili. Palipokwaruzwa inakula. Sali Baba Yetu moja, kisha ulitoe. Ukichelewa, itammaliza ng'ombe mzima."

"Ombea chakula kwanza," tindikali inasema. "Mimi si mpagani."

Nikaombea. Ikala kwa adabu, bila kutafuna kwa kelele. Nilipofika Amina ikasema, "Ongeza na Imani ya Mitume, Mama. Ndiyo kwanza nafika kwenye paja."

"Ulafi ni dhambi," nikasema, nikalichomoa bamba.

Mara tuko sokoni, kwenye mashine ya kukamulia miwa. Simba anapaka wino, anafuta kwa shati la marehemu, analaza karatasi yenye unyevu juu ya shaba, anazungusha. Nyange anatoka upande wa pili, kichwa kimeelekea kulikokuwa mkia.

"Umemgeuza!"

"Shaba na karatasi hutazamana, Mama. Kushoto kwake sasa ni kulia."

Nyange akajikagua. "Haya. Mjane akae anapopataka."

Nikaamka. Tumsifu anabisha hodi, kamba begani.

"Mama, ng'ombe yuko tayari?"

"Ngoja kidogo, baba. Nimjaribu mara ya mwisho."

Nikakaa kulia, paji la uso kwenye ubavu wake. Maziwa yakapiga ndoo. Teke hakuna.

Tumsifu akachungulia. Akamzunguka Nyange, akarudi, akamzunguka tena.

"Mama, hii pembe iliyovunjika, si ilikuwa ya kushoto?"

"Weka kamba chini, baba," nikamwambia. "Unywe chai ya maziwa."